Chupa Mbili, Ng'ombe Mmoja

Pale Bondeni, Nakuru, ukiuliza Chepkosgei utajibiwa, yupi? Sema yule wa maandishi, na hata mama anayeuza dagaa wa omena atakuonyesha mlango. Mabango ya vinyozi, lebo za asali, kadi za harusi, majina kwenye misalaba ya makaburi, yote yalitoka katika kile chumba chake chenye kompyuta moja na brashi kumi. Alikuwa na kiburi cha kazi yake na mimi simlaumu. Ningekuwa na mkono kama ule ningeringa mpaka majirani wahame.

Kazi alifunzwa na mzee Sitati, mchoraji wa mabango, ambaye baba yake alikuwa mtu wa reli. Sitati, Mungu amrehemu, hakumruhusu mtu kushika brashi kabla hajasikia hadithi ya herufi. Warumi, alisema, walikuwa wakizichora kwanza kwa brashi juu ya jiwe, halafu ndipo patasi ifuate. Brashi ikiinuliwa iliacha kaunyayo, na ndiyo maana herufi nyingine zina miguu mpaka leo. Wakaja watawa wa Ulaya, ambao ngozi ya ndama ya kuandikia iliwagharimu, wakazibana herufi hadi ukurasa ukafanana na ua wa fito. Baadaye wachapaji walipopata karatasi laini wakaringa nazo, wakatengeneza herufi zenye mistari myembamba kama unywele. Mwisho zikaja treni na viwanda, na watu wakataka herufi nene zisizo na miguu, za kusomwa na mtu anayekimbia.

"Kila herufi ilizaliwa na kazi yake," mzee alikuwa akisema. "Ukiipa kazi ya mwenzake, itakuaibisha, msichana wangu. Na siku hiyo usinitaje."

Alikuwa pia na desturi mbili. Ya kwanza ni ukuta wa aibu. Kazi iliyoharibika haikutupwa. Ilitundikwa kando ya mlango, wateja waione, na jina la aliyeiharibu chini yake. Bango la kanisa lililoandikwa kwa herufi za watawa hadi waumini wakadhani ni baa lilikuwa pale, na jina chini yake lilikuwa Sitati. Ya pili ni jicho la ng'ambo. Kazi mpya ilivushwa barabara, ikawekwa juu ya meza ya muuza mboga, na fundi akaiangalia akiwa amefumba macho nusu. Usipoitambua hivyo, rudi ukaanze upya.

Sasa sikia alivyofanya huyu mrithi wake.

Kigen, mwenyekiti wa chama cha wafugaji kule Keringet, kwao Chepkosgei, alimpigia akitaka lebo za chupa. Chama kimeanza kuuza maziwa mala, yale ya mgando, na pia kinawapimia wanachama dawa ya kupe, iliyokwisha kuchanganywa na maji, tayari kwa kunyunyizia ng'ombe. Chupa ni za aina moja, nyeupe, maana walizinunua kwa jumla. Kigen alitaka lebo zifanane. "Mtu akiona tu, ajue hizi ni za nyumba moja," alisema. Tena alizitaka upesi, kwa sababu mkutano mkuu ulikuwa umekaribia.

Chepkosgei akachora ng'ombe mmoja anayecheka. Akaweka kijani cha majani ya msitu wa Mau. Akachagua zile herufi za miguu na mistari ya unywele, kwa kuwa alitaka watu wa kwao waone kazi ya mtoto wao. Neno la katikati tu ndilo lililobadilika. Neno SUMU aliliweka chini kabisa, dogo, jeupe juu ya kijani, lisiharibu sura. Lebo hazikuvuka barabara. Haraka ilikuwa nyingi, na muuza mboga siku hiyo hakuwepo. Haraka haraka haina baraka, tunaambiwa tangu utotoni, na bado hatusikii.

Jumamosi asubuhi mama yake alimpigia. Mama huyu, Chepkemei, hakusoma. Alijua maandishi ya binti yake kama mtu anavyojua mwendo wa ng'ombe wake, kwa sura tu, maana Chepkosgei alianza kuandika kwa makaa kwenye ukuta wa ghala akiwa hata meno hajamaliza kung'oa.

"Kigen ametuletea vitu vya chama," mama alisema, akicheka. "Kila mwanachama chupa mbili. Nikaona, woi, si hii ni kazi ya Chepkosgei! Ile miguu yake! Nikitoka kwa maombi ya akina mama nitakunywa, halafu nitakuambia."

"Kunywa, mama," akamjibu. Ndiyo, alimwambia kwa kinywa chake mwenyewe. Alikuwa na mteja mbele yake na hakufikiri.

Mchana gari la chama likamshushia na yeye zawadi, chupa mbili. Aliziweka juu ya rafu, akavua miwani aifute, akainua macho. Rafuni palikuwa na ng'ombe wawili wanaocheka. Kijani na kijani. Mistari ya unywele ilikuwa imemezwa na ile karatasi duni, na neno SUMU lilikuwa limegeuka doa. Hakujua ipi ni ipi.

Akavaa miwani. Akasogea. Akajua. Na hapo akakumbuka mama alivyosema: kila mwanachama chupa mbili, nikitoka kwa maombi nitakunywa.

Akashika simu, akapiga. Mteja uliyempigia hapatikani. Akapiga tena. Mteja hapatikani. Chaji ya mama ilikuwa imekwisha, kama kawaida yake, na mwenye simu mwingine wa karibu na nyumba ya mama, kule ng'ambo ya mto, alikuwa amehamia Molo.

Akampigia Kigen, akamweleza.

"Chepkosgei, acha kutuogofya," Kigen akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuna. "Dawa si ina harufu? Mathe ni mtu mzima, atasikia."

"Mama hajasikia harufu tangu ile homa ya mwezi wa saba! Hata maziwa yakiungua haambiwi na pua! Tuma mtu!"

"Mto umejaa huku, pikipiki hazivuki. Tulia, wewe."

Tulia! Mtu anakuambia utulie mama yako akiwa na sumu mezani. Chepkosgei alikata simu, akafunga duka bila hata kurudisha vibao ndani, akakimbia hadi soko la Wakulima kule ambako malori ya viazi hushusha mzigo. Akampata Weldon, dereva anayempelekea mama yake mbolea, tayari anawasha injini kurudi Keringet bila mzigo, na njia yake ilikuwa ile ya juu yenye daraja.

"Weldon, nipeleke. Usiniulize kitu."

Weldon alimwangalia uso, hakuuliza.

Njoro ikapita. Elburgon ikapita, na mvua ikaanza. Chepkosgei alikuwa akipiga ile namba na kuambiwa yaleyale na yule mwanamke wa kwenye simu, mpaka akamchukia kama mtu anayemfahamu. Alimwona mama akikaa kwenye kile kiti chake cha kamba. Akamwona akitikisa chupa, kwa sababu mala hutikiswa. Alijaribu kuacha kuona na hakuweza. Alipotazama nje ili asahau, barabara nzima ilikuwa maandishi: duka la mbegu, zahanati, bango la mkutano wa injili. Yale aliyoweza kuyasoma katika mvua yalikuwa yale mabaya, manene, yasiyo na miguu, ambayo siku zote alikuwa akiyacheka.

"Mzee alinifundisha," akasema kwa sauti. "Alinifundisha hilo hilo, Weldon. Nikalijua. Halafu nikamwandikia mama yangu sumu kwa herufi za kujipodoa."

"Omba Mungu," Weldon akasema. Akakanyaga mafuta.

Walipoiacha Molo, simu ikalia. Alikuwa Kigen, na safari hii hakuwa akitafuna chochote.

"Chepkosgei, nimefungua kabati yangu. Mke wangu amezipanga pamoja, na watoto wamerudi na kiu. Nimezishika zote mbili mkononi. Sijui... dada yangu, mimi nimesoma hadi kidato cha nne na nimesimama hapa sijui ni ipi mpaka nilipozipeleka dirishani." Alikuwa akihema. "Nimetuma vijana nyumba zote za upande huu wakusanye. Kanisani wanatangaza kwa kipaza sauti. Kwa mama yako sitaweza kuvuka."

"Najua," Chepkosgei akasema. Hakuwa na hasira tena ya kumpa. Woga ulikuwa umeila yote.

Lori lilimshusha njia panda. Alikimbia ile njia ya tope kati ya mashamba ya viazi, kiatu kimoja kikabaki, hakurudi kukichukua. Ng'ombe walikuwa bado malishoni. Moshi haukuonekana juu ya jiko, na katika nyumba ile moshi haukosi.

"Mama!"

Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni, juu ya kitambaa kilichofumwa, kulikuwa na kikombe, na ndani ya kikombe mabaki meupe yameganda ukingoni. Chepkosgei alikishika kwa mikono miwili. Akakinusa, lakini alikuwa analia na pua imejaa, hakusikia kitu. Hivi ndivyo mama anavyoishi, aliwaza.

"Mama! Mama, uko wapi?"

Alikuwa chumbani. Amelala ubavu, shuka kichwani, viatu vya kanisa vimepangwa sawasawa chini ya kitanda. Chepkosgei alisimama mlangoni akaogopa kuingia. Nakuambia kweli, alitoka Nakuru mbio kama mwendawazimu, na hatua tatu za mwisho zikamshinda. Akamgusa mguu.

Mguu ukampiga teke.

"Woi! Nani huyo?" Mama akaketi, kitambaa cha kichwa kimeenda upande. "Chepkosgei? Chamgei, karibu! Umekuja bila kusema? Na kiatu kingine kiko wapi? Nani amekufa?"

Chepkosgei alimwangukia shingoni akalia kama mtoto. Mama alimpigapiga mgongo, akishangaa, akisema alikuwa ameshikwa na baridi huko kanisani, basi akalala kidogo, kwani kulala mchana siku hizi ni kosa?

"Ulikunywa, mama? Ile ya chupa?"

"Nikakunywa! Tamu sana. Mwambie Kigen sukari apunguze." Mama alikuwa tayari amesimama, akienda sebuleni kwa furaha ya mtu aliyepata mgeni. "Nikafungua moja. Ile ingine nikasema hapana, hii nitamwekea mtoto, ndiye ameiandika. Kaa hapo nikumiminie."

Akaitoa nyuma ya picha ya harusi. Ng'ombe alikuwa akicheka. Mama aliitikisa vizuri, kama inavyotikiswa mala, akasokota kifuniko.

"Mama, weka chini!"

Ilikuwa sauti ambayo hajawahi kumtolea mama yake maishani. Chepkemei aliiweka mezani polepole, uso ukambadilika.

"Hiyo ni dawa ya kupe," Chepkosgei akasema. "Imeandikwa dawa ya kupe. Ile uliyokunywa ndiyo ilikuwa maziwa. Ungeanza na hii..."

Mama aliitazama chupa muda mrefu. Akakitazama kikombe chake. "Lakini ni ng'ombe yuleyule," akasema. "Ni miguu yako ileile. Mimi ningejuaje?"

"Hungejua. Ni mimi sikukujulisha. Kosa ni langu, mama, si lako hata kidogo."

Mama alikaa kwenye kiti chake cha kamba.

Ndipo akaibandua ile lebo, taratibu, yote. Akaigeuza upande wake mweupe. Akaenda jikoni, akachukua kipande cha makaa kwenye jiko lililozimika, akapiga magoti kwenye sakafu kama alivyokuwa akipiga magoti mbele ya ule ukuta wa ghala. Hakufikiria Warumi wala karatasi laini. Akachora fuvu, kubwa, limepinda, macho mawili meusi. Chini yake mifupa miwili. Chini ya mifupa akaandika SUMU, herufi nene kama magogo, bila miguu, bila madaha, zikajaa karatasi hadi ukingoni. Akaifunga kwenye chupa kwa uzi wa gunia. Ilikuwa kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya, na siku moja ile lebo ya kijani iliyobaki dukani ingetundikwa Bondeni kando ya mlango, jina la Chepkosgei chini.

Akaivusha ile chupa chumba kizima, akaiweka kwenye dirisha la mwisho, mbali na mama.

"Fumba macho nusu," akasema. "Unaona nini?"

Chepkemei alikunja uso, akafumba macho nusu. Kisha akajivuta nyuma na kiti chake.

"Ee, Chepkosgei! Hiyo ni mbaya. Inatisha. Itoe ndani ya nyumba yangu!"

Chepkosgei alikaa chini sakafuni, makaa mkononi, na mguu mmoja bila kiatu. Tangu mchana ule hakuwa amevuta pumzi ikafika chini. Sasa aliivuta.

"Ndiyo, mama," akasema. "Naitoa."