Shangazi kampita mwenzake kwa kura, na bado kashindwa uenyekiti

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine poleni na mihangaiko. Hili limetokea kijijini kwetu, wilaya ya Kibiti, na nilikuwepo tangu dua ya kufungua mkutano hadi watu wanatafuta kandambili zao. Majina nimebadilisha, maana bado naishi nao.

Nina degree ya siasa na sina ajira. Nawaza sana, najijua. Mtu akiniambia "tutaonana" naanza kujiuliza alikuwa na maana gani. Kwa hiyo nivumilieni.

Ushirika wetu wa wakulima una pawatila moja, kile kitrekta cha kusukuma kwa mikono kinacholima na kuvuta tela. Mwenyekiti ndiye anayeamua ifanye kazi wapi.

Msimu uliopita ilibeba mchanga na matofali ya watu wa kitongoji cha Barabarani. Bondeni kwenye mpunga haikufika. Shangazi yangu, Bi Mwajuma, alilima kwa jembe, akachelewa kupanda. Mto ulipojaa, mpunga ulikuwa bado mfupi. Maji yakaufunika wote.

Mwaka huu akasema anagombea mwenyewe. Mpinzani wake ni Bwana Salehe, mwenyekiti wa siku zote.

Sasa sikilizeni utaratibu wetu.

Tuna vitongoji vinne: Barabarani, Msikitini, Mikoroshini na Bondeni. Kila kitongoji kina wajumbe watatu, kiwe kikubwa au kidogo. Wanachama wanapiga kura kwenye kitongoji chao, na anayeshinda hapo, hata kwa mtu mmoja, anabeba wajumbe wote watatu. Mwenyekiti anapatikana kwa kuhesabu wajumbe.

Ndiyo, wakuu. Karibu yale yale ya Wamarekani na rais wao. Kule kila jimbo lina wajumbe wake, na karibu majimbo yote humpa mshindi wajumbe wote. Ndiyo maana mtu anaweza kupigiwa kura na wananchi wengi zaidi na asiingie Ikulu.

(Chuoni niliulizwa swali hilo kwenye mtihani. Niliusifu sana utaratibu ule, kwamba unalinda majimbo madogo yasimezwe. Nikapata alama nzuri.)

Bondeni Shangazi alizoa karibu kura zote. Vitongoji vitatu vilivyobaki alishindwa kwa watu wachache wachache. Ukijumlisha vichwa, alikuwa mbele kwa mbali. Ukihesabu wajumbe, tisa kwa watatu.

Salehe mwenyekiti tena.

Nikasimama. Hotuba nilikuwa nimeipanga kichwani tangu kura ya kwanza, nikaisahau yote. Nikabaki na swali moja: "Wazee wangu, waliomtaka Bi Mwajuma ni wengi. Kashindwaje?"

Mzee Kombo, msimamizi wa uchaguzi, akavua miwani. "Msomi, wewe umesomea mambo haya au umesomea kuuliza?"

Watu wakacheka.

"Tukihesabu vichwa," akaendelea, "Bondeni watatuchagulia mwenyekiti kila mwaka. Sisi huku juu tutakuwa tunakuja kunywa chai tu."

Nikataka kumjibu kwamba sasa hivi Bondeni ndio wanaokunywa chai tu. Jibu hilo lilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani.

Kilichonimaliza nilikijua kesho yake, shambani. Nilikuwa nalima na Shangazi, mikono imenitoka malengelenge, nikamwambia tudai utaratibu ubadilishwe.

"Unajua nani aliutaka?" akaniuliza, bila kuinua kichwa. "Sisi."

Kumbe zamani, baada ya mafuriko makubwa, watu wengi walihamia juu. Bondeni wakabaki wachache. Wakaogopa kumezwa na Barabarani, wakadai kila kitongoji kiwe na wajumbe sawa. Wakakubaliwa. Baadaye watu wakarudi kwenye mpunga, Bondeni ikajaa, na utaratibu ukabaki pale pale.

"Nilipiga makofi mimi," akasema. "Vigelegele kabisa."

"Basi tuubadilishe, Shangazi."

"Kuubadilisha kunapigiwa kura na nani?"

Wajumbe, wakuu. Wale wale tisa kwa watatu.

Nikaketi kwenye tuta.

"Na mimi nina kosa langu," akasema. "Mikoroshini nimeshindwa kwa watu wanne tu. Sikwenda hata kuwapa pole ya msiba wao. Kila siku nilikuwa huku, kwa wanaonishangilia."

Hapo nikaanza kuwaza upya. Kumbe utaratibu huu una faida yake. Unamlazimisha mtu aende na kwa wasiompenda. Lakini Salehe naye hajalazimishwa kwenda kokote. Bondeni hajakanyaga na hana sababu ya kukanyaga. Kwa hiyo unalinda wachache, au unawafanya wengi wasiwe na maana? Nimezunguka hapo mpaka kichwa kinauma.

Nilichojifunza ni kimoja: ukipigia sheria makofi, jiulize kama ungeyapiga pia siku ambayo sheria hiyo inakuangusha wewe. Mimi kwenye ule mtihani sikujiuliza.

Mvua za kwanza zimeanza. Asubuhi hii pawatila imepita mbele ya nyumba imejaa matofali. Shangazi ameitazama hadi ikapotea, kisha akajifunga khanga yake nzuri. Nikamuuliza anakwenda wapi na jembe lipo hapa.

"Mikoroshini," akasema. "Wewe tangulia shamba."

Nipo shambani, wakuu, nimepumzika kidogo ndiyo naandika. Wewe ungekuwa Bondeni, ungeupenda utaratibu huu? Na ungekuwa Barabarani, ungekubali uondolewe? Jibuni yote mawili, msichague moja.