Jamvi Nyuma ya Kaunta

Mzee Masoud, mwenye duka la nafaka Chamazi, alikuwa hachoki kuwaambia wateja kwamba yeye utotoni alikaa kutwa nzima kwenye jamvi, nyuma ya kaunta ya baba yake, ametulia tuli. Marehemu mama yake alipenda kumsifia hivyo mbele za watu, naye akaishikilia sifa hiyo mpaka mvi zikamjaa.

Basi mkewe alipofariki na nyumba ikamwelemea kwa ukimya, alimwomba binti yake Munira amwachie Khulud, mjukuu wa miaka miwili, kila anapokwenda kazini.

"Atakaa na mie dukani. Mtoto mdogo hivi ana shida gani?"

Shida aliiona siku hiyo hiyo. Khulud hakai. Atachota mchele aumwage kwenye maharage, atapanda magunia, ataning'inia kwenye mzani, na ukigeuka kumpimia mtu sukari yeye yuko barabarani. Mzee aligomba, akatishia fimbo, akamsomea adabu kama anayesema na karani wake. Mtoto alicheka, akatimua mbio.

"Baba, ukishindwa useme tu," Munira alimwambia kwa upole. "Nitampeleka Tanga kwa bibi yake mzaa baba."

Maneno hayo yalimchoma. Huyo mtoto ndiye aliyekuwa anamfanya aamke asubuhi akiwa na hamu ya kuishi.

Kwa hiyo siku bodaboda ilipomkosa Khulud chupuchupu, mzee alichukua kanga, akamfunga kiunoni, ncha ya pili akaikaza kwenye mguu wa kaunta. Akamketisha jamvini. Mtoto alilia, akavuta, akalia tena, mwisho akanyamaza. Masoud akafurahi moyoni. Kumbe inawezekana!

Dada yake mkubwa, Thuraya, aliwakuta hivyo alipokuja kununua unga.

"Shikamoo dada. Umemwona alivyotulia? Kanifuata mie."

Macho ya Thuraya yalikuwa kwenye ile kanga.

"We Masoud, nani kakwambia ulikuwa umetulia?"

"Si mama?"

"Mama alikuwa anakufunga. Hivi hivi, kwenye mguu wa kaunta. Unalia mpaka sauti inakauka, halafu unakaa unaangalia chini. Mie ndo nakufungua jioni, na ukishafunguliwa huendi popote. Unabaki hapo hapo."

Masoud aligeuka. Khulud alikuwa anaangalia chini.

Aibu ilimjaa, na nyuma ya aibu huruma, asijue anamhurumia mjukuu au yule mtoto mwingine wa zamani. Alipiga magoti, akafungua fundo.

"Njoo, mama."

Mtoto hakusogea.

"Kimbia basi, mama. Babu hagombi."

"Wa umri huu hakai, Masoud," alisema Thuraya, sasa kwa sauti ya chini. "Weka kigeti mlangoni. Mpe kitu cha kufanya, kikimchosha mpe kingine."

Mzee akamimina maharage kwenye beseni, akakaa naye jamvini, akachota kwa kikombe, akamwaga. Akachota, akamwaga. Muda ukapita. Mteja aliita, hakuitikiwa. Mwishowe mkono mdogo ukanyooka, ukachukua kikombe. Khulud alichota mara chache, akapindua beseni zima, akainuka, akachomoka mlangoni.

Mzee wa watu akatoka mbio nyuma yake, peku, duka kaliacha wazi, akisema alhamdulillahi kwa sauti mpaka majirani wakachungulia.