Kamba ya Nguo Mbele ya Duka la Spika

Nilifanywa jaji wa muziki kwa sababu nilipita mtihani wa Kiswahili. Sifa nyingine sikuwa nayo. Nilisoma masomo ya jioni kichwa kikiwa na mvi, nikabanana dawati moja na watu ambao ningeweza kuwazaa, na matokeo yalipotoka nililia kwa furaha mpaka soko zima la Jericho, hapa Nairobi, likadhani nimefiwa. Tangu siku hiyo kibanda changu cha cherehani kikageuka afisi ya serikali. Mtu akitaka barua ya kuomba kazi, kwa fundi. Akitaka hotuba ya harusi, kwa fundi. Kwa hivyo kamati ya ukumbi wa mtaa ilipotafuta majaji wa shindano la waimbaji chipukizi, mwenyekiti alikuja akanitazama juu mpaka chini, vile mimi hutazama mteja kabla sijatoa futi, akasema, "Fundi, wewe umesoma. Njoo utuambie wimbo upi mzuri."

Nikakubali kabla hajafunga mdomo. Mimi ambaye sijawahi kupuliza hata filimbi ya refa!

Sharti lilikuwa moja. Mwaka uliotangulia majaji walitoa alama, na zilipojumlishwa ukumbini kulizuka vita ambavyo viti vya plastiki havijapona hadi leo. Safari hii kamati ikasema: majaji watatu, jina moja. Wasipokubaliana, hakuna mshindi na hakuna zawadi. Zawadi yenyewe ilikuwa kurekodiwa wimbo mmoja katika studio ya kweli, ile yenye sponji ukutani, na mlipaji alikuwa bwana mmoja mwenye duka la spika mtaa wa Eastleigh. Yeye pia alikuwa jaji. Wa tatu alikuwa mama mwalimu wa kwaya, mtu wa magharibi mwa Kenya, mwenye masikio ya kusikia mwimbaji wa safu ya nyuma akimeza mate.

Tulichuja waimbaji wiki baada ya wiki, wengine wakiimba na wengine wakigombana na maikrofoni, hadi wakabaki wa fainali. Upande mmoja walikuwa vijana watatu wa mtaani na wimbo wao wa kiti. "Sogea, sogea, kiti chatosha wawili." Maneno hayo tu, na biti iliyoingia kwenye goti bila kubisha hodi. Sitadanganya, wimbo ulikuwa mtamu. Miguu yangu imekanyaga cherehani miaka mingi na haijui kutulia. Siku ile ilikanyaga chini ya meza ya majaji mpaka meza ikatembea.

Upande wa pili alikuwa jirani yangu, mama ambaye hushonea viatu vya ngozi shanga na kuviuza soko la Kariokor. Wimbo wake ulihusu kamba ya nguo. Unaanza polepole, anataja vilivyoanikwa: shuka, leso, soksi, mashati mawili. Ubeti wa pili anataja tena: shuka, leso, shati moja. Ukiwa na haraka utasema huyu anasoma orodha ya dobi. Mpaka ufike mwisho kabisa, pale ambapo hakuna tena wa kulivaa shati hilo, ndipo anapandisha sauti: "Upepo, livae wewe, nilione likitembea."

Mimi niliujua wimbo huo kabla ya ukumbi. Katika nyumba zetu za zamani za baraza la jiji, ukuta ni adabu tu, hauzuii chochote. Nilimsikia akiutunga miezi na miezi. Mwanzoni niliuchukia. Niligonga ukuta, nikaongeza redio, nikatishia kuhama nchi. Kisha asubuhi moja nikajikuta nakata suruali ya mteja huku nikiita upepo uvae shati. Tangu hapo sikuweza kuuondoa kifuani.

Baada ya fainali tulijifungia stoo ya ukumbi, katikati ya meza za drafti na ngoma zilizopasuka, watu wakipiga miluzi nje. Mwalimu wa kwaya hakutaka maneno mengi. "Vijana," alisema. "Mama anashuka nusu noti katika ubeti wa pili, na wale vijana wakikosa kitu cha kufanya mwaka huu, mimi ndiye nitawaona wakizubaa kona kila nikienda mazoezi."

"Vijana," akasema mwenye duka. "Wallahi yule mama amenitoa machozi. Lakini machozi siuzi. Wimbo ni harufu ya mandazi, fundi. Usipomgeuza mtu shingo akipita, umelala."

"Mimi nasema mama," nikasema.

"Kwa nini?"

Hapo Kiswahili nilichopita kikanikimbia chote. Nikasema ni wimbo mzuri. Wakaniuliza mzuri vipi. Nikasema mtu akiusikia mara nyingi ataona. Mwenye duka akacheka hadi akashika ngoma. "Ndugu yangu, nani atampa mara nyingi? Pale mlangoni kwangu mtu ana dakika moja, na hiyo nusu yake anaangalia asikanyagwe na mkokoteni."

Ilikuwa desturi yake. Wimbo wowote mpya aliuweka kwenye spika kubwa mlangoni, akakaa kwenye kigoda na kutazama nani anasimama. Aliuita mtihani wa mlango. Nami kwa ukaidi nikadakia: basi tuziweke nyimbo zote mbili mlangoni wiki nzima, kwa zamu, halafu tuone. Zilikuwa zimenaswa siku ile ile ya fainali, kila moja kwenye flashi yake. Mwalimu wa kwaya akapumua kwa nguvu. Mwenyekiti akatoka kutangaza kwamba majaji wanaomba muda mpaka Jumamosi, na nikasikia mtaa mzima ukizomea kama nimeuza mto wa Nairobi.

Wiki ile sikukaa. Nilishona mfuko wa shati mgongoni. Nilimpimia mteja mmoja kiuno kikatoka kipana kuliko lori. Kila nikikalia kiti cha cherehani, nasimama. Nikisimama, nakumbuka Eastleigh, nafunga kibanda, naenda kutazama watu wasiosimama.

Maana hawakusimama. Wimbo wa kiti ukipigwa, barabara yote ilikuwa harusi: wasichana wakitingisha mabega, makanga wa matatu wakiruka, mzee mmoja wa kanzu akajisahau akasogea kweli. Ukija wa kamba ya nguo, shuka, leso, soksi, watu walipita kama maji ya mfereji. Mwenye duka kwenye kigoda chake hakunisema. Alinitazama tu na kunyanyua nyusi, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kusemwa.

"Bado," nikamwambia.

"Bado nini? Siku zinakwisha."

Nikirudi Jericho nawakuta wale vijana watatu wameegemea mlango wa kibanda.

"Niaje mzae."

"Salama, wanangu."

"Mzae, tuambie tu ukweli. Ngoma yetu ni mbaya?"

"Si mbaya. Ni tamu."

"Sasa mbona umetukalia? Studio inatungoja. Ukikataa hadi mwisho, hakuna mtu anapata. Hata yeye hapati."

Hilo nililijua. Ndilo lililonikosesha usingizi na hamu ya chai. Nilikuwa nimeshika mlango kwa mguu, na nyuma yangu watu wanne walitaka kupita.

"Watu wanasema huyo mama anakuletea chapati," mmoja akaongeza, akicheka, lakini macho yake hayakucheka.

"Chapati! Mimi?" Nikapandisha sauti ili soko lisikie. Muuza nyanya wa pembeni akajibu bila kuulizwa, "Fundi, si lazima ziwe chapati. Hata chai ni mlo!" Soko likaangua kicheko. Nami nikacheka, maana ndiyo dawa yangu ya kila kitu, ila safari hii haikuponya. Jirani mwenyewe alikuwa ameacha kunisalimia. Na nyumbani kwake hakukuwa na sauti. Wiki nzima hakuimba.

Ijumaa nilifika Eastleigh mapema. Nilikuwa nimeamua kitu kimoja usiku, kingine asubuhi, na cha tatu njiani. Kulikuwa na mama mwenye birika za chai mkabala na duka, na msukuma mkokoteni aliyezoea kuegesha hapo akingoja mizigo ya jumla. Wimbo wa kamba ulikuwa ndio kwanza unaanza. Ndipo nikamwona jirani yangu anakuja, mfuko wa viatu vya Kariokor begani, anatembea kama mtu anayekwenda kudai mtoto wake.

Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenye duka.

"Zima."

"Karibu, mama! Karibu kiti. Kumbe umesikia—"

"Nimesikia kwa mteja wa viatu. Ameniambia sauti yangu iko Eastleigh inauza spika. Zima."

"Dada yangu, si kuuza, ni mtihani. Huyu jaji wako ndiye alitaka."

Ndipo akanigeukia. Nimewahi kusimama mbele ya msimamizi wa mitihani, nimewahi kusimama mbele ya mama mkwe. Hakuna aliyenitazama hivyo.

"Fundi, nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilitaka upate haki yako."

"Haki gani hii? Mtaa mzima unasema nakulisha. Nikienda kuchota maji wanawake wananyamaza. Sikukuomba unishikie mlango."

"Naupenda wimbo wako," nikasema. Baada ya wiki nzima, hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu.

"Najua unaupenda. Umekaa nao miezi, na mwanzoni uliupigia ukuta. Hawa hawajakaa na mimi. Utawalaumu kwa nini?"

Mwenye duka akapiga paja. "Ona! Hata yeye anaijua biashara!"

"Wewe nyamaza," akamwambia. "Wape vijana studio. Wimbo wao ni mtamu, hata mimi nilicheza nyuma ya pazia. Nilikuja kushindana, nimeshindwa, basi. Lakini wangu si tangazo." Akanyoosha kiganja.

Mwenye duka akaingia ndani, akachomoa flashi ya wimbo wa kamba. Sauti ikakatika katikati ya neno leso.

Barabara ya Eastleigh haijui kimya. Kulikuwa na honi, matoroli, maduka mengine yakipiga kelele zao. Lakini mbele ya duka lile kulifunguka shimo la kimya, na kutoka shimoni ikatoka sauti ya mama wa chai:

"Nani amezima? Hajafika kwa shati!"

"Rudisha bwana," akasema msukuma mkokoteni, bila kuinuka alipolala juu ya magunia. "Mpaka pale kwa upepo. Halafu uzime ukitaka."

Kijana anayeuza nguo mlango wa pili akatoa kichwa kuuliza kama stima imepotea. Mwenye duka alisimama mlangoni akiwatazama mmoja mmoja, watu aliokuwa akiwaona kila siku na ambao mtihani wake haukuwahi kuwahesabu, kwa sababu hawakuwa wakipita. Walikuwa wamekaa tu.

Nilijua huo ndio ushahidi niliokuwa nautafuta. Nilijua pia nikiunyanyua juu nitakuwa namvuta tena jirani yangu mbele ya ukumbi kwa mkono, na vijana watangoja tena.

"Vijana," nikamwambia mwenye duka. "Nimekubali. Mpigie mwalimu, mwambie jina ni moja."

Yeye alikuwa anamtazama jirani yangu akiiweka flashi aliyompa ndani ya mfuko, katikati ya viatu.

"Mama, hebu ngoja. Tuongee. Niachie upigwe, hata mara mbili kwa siku. Kwa ajili ya hawa majirani."

"Kwani hawa wamenunua spika?"

"Hapana, lakini—"

"Basi." Akatupa mfuko begani na kushika njia. Mwenye duka alisimama kidogo, akaangalia duka, akaangalia barabara, kisha yule mtu mzima mwenye kitambi cha heshima akaanza kumkimbilia akiwa na kandambili, akipenya kati ya mikokoteni, "Mama! Mama, ngoja tuelewane!" Jirani yangu hakugeuka. Lakini nilimfahamu mwendo wake. Hakuwa ameongeza hatua.

Mimi nilibaki mlangoni kulinda duka la watu, miguu ikiniwasha. Ili mlango usilale kimya, nikachomeka flashi ya vijana. "Sogea, sogea." Mguu wangu wa kulia ukaanza kucheza wenyewe, nikauacha.

"Wewe si ndiye jaji?" mama wa chai akaniita. "Tumalizie ule wimbo basi. Wameukata katikati, utanisumbua siku nzima."

"Mimi siwezi kuimba, mama."

"Na unahukumu wanaoimba?"

Msukuma mkokoteni akainuka kabisa ili asikose. Nikakohoa. Nikaimba ubeti wa mwisho hapo hapo, nikipambana na spika kubwa kuliko kabati, kwa sauti ya cherehani iliyokosa mafuta. Wapita njia waliongeza mwendo. Mtoto mmoja alishikwa mkono na mamaye.

"Hapana, hapana," akasema mama wa chai, akiweka birika chini. "Pale kwa shati hushuki. Unapanda. Nisikilize."