Miche Iliyoshindwa na Hewa ya Kawaida

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Miche alitunza mimea katika kituo cha utafiti, na hakuwahi kuunguza hata mche mmoja kwa mbolea. Alijisifu kwa hilo waziwazi, na aliyeona anajigamba, shauri yake.

Basi siku daktari wa mimea alipomwambia mbele ya wafanyakazi wote, "Mama, umezidisha mbolea, miche yote inakufa," alihisi ardhi inamkimbia. Barua ya kumwondoa kwenye mimea na kumpa ufagio ilikuwa imeshaandikwa. Ilisubiri daktari aisaini Ijumaa.

Miche yenyewe ilikuwa ya shayiri. Ilikulia ndani ya kabati la kioo lililojazwa kaboni dioksidi, ikanawiri. Ilipotolewa kwenye hewa ya kawaida, siku tatu tu ikawa manjano.

Lakini Mama Miche alikuwa na ukaidi wake: mche mgonjwa hautupi kabla hajaujaribu mahali pengine. Aliirudisha minne kabatini, udongo uleule, mbolea ileile. Kufika Alhamisi ilikuwa inachipua majani ya kijani.

"Njoo uone, mwanangu," alimwita daktari. "Kama ni mbolea yangu, humu imesahau kuunguza?"

Daktari aliinama kabatini akaikagua. Alichuma majani ya ile iliyobaki nje, akaenda kuyapima, akarudi macho yamemtoka. "Yamejaa amonia, mama!"

Akamweleza. Jani likiwa juani hukosea mara kwa mara, likadaka oksijeni badala ya kaboni dioksidi. Katika kulirekebisha kosa hilo, amonia hutoka, na ndani yake mna nitrojeni, chakula cha mmea. Jani lenye afya haliachi ipotee. Huikamata palepale na kuirudisha kazini. Miche hii ilizaliwa bila uwezo huo, ndiyo maana nje amonia ilirundikana majanini. Kabatini, kwa vile kaboni dioksidi ilikuwa tele, jani halikukosea sana.

"Mbegu ya namna hii nimeitafuta miaka mitatu, inionyeshe jani zima huikamataje amonia," daktari alisema. "Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Ila ulinichafua mbele ya watu, utanisafisha mbele ya watu."

Ijumaa asubuhi daktari alisimama mbele ya walewale. Alisema kosa moja lilikuwa la jani na la pili lilikuwa lake mwenyewe, na aliyeyagundua yote mawili ni Mama Miche. Kisha akaichana barua. Mama Miche alisimama kifua mbele, machozi yanamtiririka, wala hakujisumbua kuyafuta.