Dubai mpaka Ipililo: saa za angani zilivyonidanganya

Wakuu, za mchana. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa Ipililo, Maswa, huku Simiyu. Nina miaka arobaini na kitu, na mingi imeishia njiani. Lubumbashi, Durban, sasa Dubai, napanga mizigo godauni.

Mwaka huu Kabula, binti wa marehemu kaka yangu, alipata mchumba wa Malampaka.

Kwa ukoo wetu, ng'ombe wa mahari hawaingii zizini mpaka baba wa binti awakague na kuwapokea. Kaka hayupo, kwa hiyo ni mimi. Na wakigeuzwa mlangoni, wakwe wanahesabu wamekataliwa. Ndoa imekufa.

Kabula akaniuliza safari ni muda gani. Nikaangalia mtandaoni: Dubai hadi Dar, direct, saa tano na ushee. Nikacheka. Basi la Bariadi kwenda Dar linakula siku nzima!

Nikamwambia Ijumaa asubuhi napanda, Jumamosi wakwe waje na ng'ombe mapema.

Wakuu, pale dirishani nilikuwa kama naota. Jangwa, bahari, kisha mawingu meupe kama pamba iliyoanikwa kwenye turubai. Nikamwona kaka akipalilia, nikasikia harufu ya mvua ya kwanza. Nilishuka Dar najiona nimefika.

Ndege ya Mwanza jioni ile imejaa. Ya kesho yake asubuhi ikachelewa.

Jumamosi mchana ndiyo kwanza nipo Lamadi, nusu ya njia kutoka Mwanza kwenda kwetu. Basi limesimama, abiria wananunua samaki, na mimi natazama ziwa kama mtu asiye na miadi.

Kabula akapiga. Ng'ombe wamesimama nje tangu asubuhi, jua kali, wachungaji wanataka kuwarudisha wakanywe maji. Baba wa mchumba ameshauliza kama mkwe wake anatoka Dubai au anatoka kuzimu, maana huko ndiko watu wasikorudi.

"Baba mdogo, upo wapi? Niambie ukweli."

"Lamadi."

Simu ikachukuliwa na dada yangu mkubwa, shangazi yake.

"Wewe njoo polepole," akasema. "Na mimi nimezaliwa na baba huyohuyo." Akakata.

Nilifika jua linazama. Ng'ombe wako zizini wanacheua, wakwe wanakula wali.

Dada alikuwa ametoka nje na fimbo ya marehemu mzee, akakagua mmoja mmoja. Dume mwenye jicho bovu akamkataa, wakakubali kuleta mtamba badala yake. Wazee walinung'unika kidogo kwamba mwanamke anapokea ng'ombe, wakamaliza kwa kicheko.

Mimi ningewapokea wote. Siku hizi hata kukagua ng'ombe sijui.

Kabula akaniletea maji ya kunawa, akapiga goti, uso umejaa furaha.

"Shikamoo baba mdogo. Utalala, au unapita?"

Hakuwa ananisema, wakuu. Aliuliza ili ajue kama atandike kitanda.

Nilichojifunza: ukipanga safari, usiwape watu wako saa za angani. Hesabu mlango kwa mlango, na uongeze miaka uliyokaa mbali, maana nayo ni sehemu ya njia.

Naandika nikiwa hukuhuku Ipililo. Mlio mbali, kutoka mlipo mpaka kwenu ni muda gani? Na mkifika, mnaulizwa nini?