Matairi Yaliyosimama Mwaka Mzima

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, asubuhi, pale senta ya Nyakitonto, fundi wa baiskeli aliponiambia ukweli nami nikaukataa mbele ya watu. Nimechoka mimi mjomba wako, mwanangu Elia. Tangu tulipomaliza msiba wa mama yako Jumamosi sijapata usingizi wa maana. Lakini habari hii nimeibeba miaka mingi mno, na leo naitua, kwa sababu nimesikia unataka kwenda Mabamba na pikipiki ile.

Pikipiki ile ilikuwa ya babu yako. Alitoka Burundi akiwa kijana, akavuka mpaka kwa miguu yake, na alipokuja kupata chombo chenye injini alikitunza kama mgonjwa. Miezi miwili kabla hajafa aliifunga matairi mapya, mbele na nyuma, kwa mikono yake mwenyewe, mimi nikimshikia rimu. Mapya, nasema, kwa kuwa yalikuwa hayajatembea. Dukani yalikuwa yametundikwa nje, juani, na hakuna aliyejua tangu lini. Halafu babu yako akafa.

Unajua kwetu ilivyo. Kitu cha marehemu hakiguswi mpaka siku ya kuondoa msiba, ile tunayoiita kuganduka. Jembe lake linabaki pale alipoliegemeza. Basi pikipiki ikafunikwa kitenge cha bibi yako, ikasimama ukutani mwaka mzima, hakuna aliyeisogeza hata hatua moja. Upepo ukaisha wenyewe. Uzito wote ukalalia sehemu ileile ya mpira, na jua la mchana likaja upande uleule kila siku. Sisi tuliona ni heshima. Ilikuwa heshima, sikatai hata leo.

Tulipoganduka, siku ya pili yake mama yako Skola alitakiwa kuripoti chuo cha ualimu Kasulu. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuitwa chuo. Nikasema nitampeleka kwa pikipiki ya baba, aingie getini kama mtu mwenye watu wake. Tukafunga sanduku lake la bati nyuma, tukaisukuma mpaka senta kutafuta upepo.

Fundi alikuwa mzee Zakaria, aliyevuka mpaka siku moja na babu yako.

"Mwakeye, mzee," nikamwamkia. "Naomba upepo tu."

Hakushika pampu. Alichuchumaa, akabonyeza tairi la mbele kwa ukucha wa gumba. Ukucha haukuacha alama, mpira umekauka. Akashika ubavu wa tairi, akauminya kwa vidole, na pale palipominywa nikaona nyufa nyembamba nyingi, kama udongo wa bwawa lililokauka.

"Upepo wa nini?" akasema. "Haya yamekufa."

"Yamekufaje, mzee, na kashata zote zipo?" Nilimwonyesha yale mabonge ya mpira yanayoshika barabara, marefu, hayajalika hata kidogo.

"Baba yako naye tulimzika na meno yake yote."

Watu waliokuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga walicheka. Damu ilinichemka. Leo naona alikuwa akijaribu kuniokoa kwa lugha pekee aliyokuwa nayo, maana na yeye alimlilia baba. Siku ile nilisikia dharau tu.

"Ninayo mawili ndani," akaendelea. "Si mazuri kuyaangalia, lakini mpira wake una uhai, na ni saizi ya rimu zako. Kaeni kidogo, yanaingia sasa hivi. Unakimbilia wapi?"

Pesa nilikuwa nayo. Nakwambia hivyo usije ukasema mjomba aliponzwa na umaskini. Wala haraka hatukuwa nayo kubwa.

"Haya aliyafunga baba," nikasema. "Siyatoi."

"Kijana, baba yako hayumo ndani ya mpira huu."

"Ashwi," nikamjibu kwa lugha ya nyumbani. Hapana. Na niliisema kwa ukali usiosemwa kwa mzee.

Mama yako alikuwa amesimama na viatu mkononi ili visichafuke kabla ya Kasulu. "Kaka, msikilize mzee," akasema. "Mimi nataka kufika chuoni na magoti yote mawili."

"Nyamaza, mwalimu. Hujaanza kufundisha bado."

Akacheka, akapanda. Nikachukua pampu ya mzee Zakaria, nikajaza upepo mwenyewe, na yeye akaendelea kuchuchumaa pale pale bila kunitazama.

Tulishuka miteremko miwili salama, naye akiimba nyuma yangu. Wa tatu ndio ule wenye changarawe, unaoujua. Tairi la mbele lilipasuka ubavuni, palepale alipopaminya mzee. Mimi niliruka majanini nikachubuka viganja. Skola alibaki chini ya pikipiki, na sanduku juu yake, na mguu wake wa kulia umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei.

Mguu ulichukua muda mrefu kupona na haukunyooka tena. Muhula ulianza bila yeye, na alipoweza kutembea bibi yako hakutaka kusikia neno safari. Hivyo ndivyo mama yako alivyokuwa fundi cherehani badala ya mwalimu. Wewe ulidhani alizaliwa akichechemea. Wengi wanadhani hivyo.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Bibi yako alipokuja mbio na kuuliza kilichotokea, nilimwambia mbuzi alikatiza barabara. Hapakuwa na mbuzi. Na Skola, amelala na mguu ule, akaniangalia, akasema, "Ndiyo mama, mbuzi mweupe." Aliongeza rangi ili niaminike. Bibi yako aliingia kaburini akiwalaani wafugaji wa njia ile. Mzee Zakaria alijua, lakini hakusema. Alikuja nyumbani na yale matairi mawili begani, akayafunga, akaondoka bila hata kunywa maji.

Tangu hapo mbuzi yule aliishi kati yetu wawili. Nikikosea jambo, mama yako aliniuliza, "Mbuzi wako hajambo?" Siku ya harusi yangu aliniuliza hivyo mbele ya wakwe, na hakuna aliyeelewa kwa nini nilisukuma sahani pembeni. Hakuniuliza kwa chuki. Lakini hakuacha kuuliza, na mimi sikuwahi kumwambia nisamehe. Nilidhani muda upo. Muda haukuwepo, mwanangu, na hilo ndilo linaloniamsha sasa.

Ndipo juzi, tumetoka kuganduka, nikakuta umetoa kitenge cha mama yako juu ya pikipiki ileile. Nayo imesimama mwaka mzima ukutani, kwa heshima. Nikakuuliza kuhusu matairi. Ukasema, "Ah, mjomba, haya mama alinichagulia mwenyewe Kasulu, siyatoi. Cheki kashata, zote zipo."

Nikakuambia uingie ule kwanza. Ulipoingia ndani kula, niliinama nikabonyeza kwa ukucha. Haukuacha alama. Nikaminya ubavu. Nyufa zilikuwepo. Nikachomoa ufunguo, nikautia mfukoni, nikaondoka kama mwizi. Umeutafuta siku mbili. Ni mimi ninao. Sikuweza kukueleza uso kwa uso, kwa hiyo naandika.

Unakwenda Mabamba kumchukua Neema, na atarudi amepanda nyuma yako, mtoto mgongoni. Mimi nilimpakia dada yangu. Wewe unampakia mkeo na mwanao. Basi panda gari la abiria kesho mchana uende Kasulu, ukachague matairi mengine, na uyachague hivi. Kwanza soma saizi iliyoandikwa ubavuni mwa yale ya zamani. Rimu za pikipiki ile si za bodaboda za sasa, na muuzaji atakwambia, "Yataingia tu, braza." Yakiingia kwa kulazimishwa, yaache. Usidanganywe na weusi unaong'aa, wanapaka dawa. Tafuta ubavuni namba nne zilizo pamoja: mbili za mwisho ni mwaka tairi lilipotengenezwa. Usichukue lililozeeka dukani hata kama lina vile vinywele vyake vya mpira vya kiwandani. Bonyeza, minya, linuse ukitaka, watakucheka, na wewe waache wacheke. La mbele liwe la mbele, la nyuma liwe la nyuma. Badilisha na tyubu. Na siku za kwanza nenda polepole, maana tairi jipya huteleza mpaka lizoee barabara.

Ukimaliza, yale ya mama yako usiyachome. Yakate, uyazungushie miche ya migomba aliyoipanda, yazuie kuku kuparua. Hapo yatakaa na heshima yake bila kubeba mtu.

Ninachokuusia ni hiki, na ndicho nilichokilipia kwa mguu usio wangu. Marehemu wetu tuwalilie mwaka mzima, miaka yote ukitaka, lakini tusivipe vitu vyao kazi ya kutubeba wakati vimeshakufa. Mtu mzima akikwambia neno gumu kazini kwake, meza hasira kwanza, halafu angalia kidole chake kinaonyesha nini. Ukikosea, sema umekosea siku ileile, kabla uongo haujapata rangi. Na mtu uliyemuumiza muombe msamaha akiwa bado anaweza kukutania.

Ufunguo nimeufunga ndani ya karatasi hii. Sikunyang'anyi tena, mimi si wa kukuzuia kwa nguvu.

Mungu aliyemvusha babu yako mpakani kwa miguu mitupu akushike na wewe kwenye miteremko yote. Ufike, umkute mkeo na mtoto wana afya, mrudi wote watatu mchana kweupe. Na barabara nzima, kwenda na kurudi, msikutane na mbuzi wa rangi yoyote.