Kipilefti cha Unga wa Muhogo

Chokaa ndiyo iliyoniponza. Katika ukanda huu wa dhahabu chokaa haikai dukani. Wachenjuaji, wanaotoa dhahabu kwenye mchanga kwa kemikali, huinunua yote wakaimwage kwenye matangi yao. Mimi, mhandisi wa barabara niliyetaka mifuko mitatu tu ya kuchorea mstari, nilizunguka Kahama nzima nikiambiwa nirudi wiki ijayo. Wiki ijayo sikuwa nayo. Mkuu wangu alikuwa amenipa siku saba za kuonyesha kwamba kipilefti kitafaa kwenye njia panda moja nje kidogo ya Segese. Nikishindwa, lami ingepita pale moja kwa moja, na kila mtu akimbie anavyotaka.

Nilikuwa na sababu ya kukitaka. Pembeni mwa njia panda alikaa mama mmoja muuza uji, na binti yake wa darasa la tatu aliwahi kugongwa hapo hapo, mguu ukaunga vibaya. Kila asubuhi mtoto alivuka kwenda shule akiuburuza mguu ule mbele ya malori ya mawe, na mama yake alisimama na upawa mkononi, hahemi, mpaka afike ng'ambo. Siku ya kwanza nilipoenda kupima nilimwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kuwapunguza mwendo?"

Nikasema ndiyo. Nina ugonjwa wa kuahidi. Nikamweleza kwamba gari haliwezi kukimbia huku linapinda, kwamba taa zinataka umeme na umeme wetu anaujua mwenyewe, lakini duara la udongo lenye miti katikati halikatiki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia uji.

Basi, chokaa ilipokosekana nikanunua unga wa muhogo. Weupe ni weupe. Alfajiri, kabla malori hayajaanza, tulipigilia kigingi katikati ya njia panda. Fundi wangu wa kupima akakifunga kitambaa chekundu ili madereva wakione, tukafunga na kamba. Nikavua viatu kwa kuwa visigino vilizama kwenye vumbi. Nikashika ndoo ya unga, nikakizunguka kigingi kinyumenyume, maana ukienda mbele huuoni mstari unaouacha, huku nikihesabu hatua kwa sauti ya chini.

Mimi ni Msukuma, nimezaliwa na kulelewa huku. Sijui ilikuwaje nisione ninachofanya: mwanamke pekupeku, njia panda, alfajiri, kitambaa chekundu, unga mweupe, na mdomo unanong'ona. Kusoma kwingine kunapofusha.

Wa kwanza kuniona alikuwa dereva wa bodaboda aliyebeba viroba vya mawe kwenda kwenye karasha la kusagia. Alizima pikipiki, akashuka, akaisukuma kwa miguu kulizunguka duara lote. "Mwangaluka, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma kama mama yake, macho chini. Sijawahi kusalimiwa kwa heshima namna ile, hata na wanangu.

Saa nne ilipofika Segese yote ilikuwa na habari. Malori yaliyokuwa yakipaa sasa yalitambaa, yakashika kushoto, yakazunguka vizuri kuliko kwenye mchoro wangu. Makondakta walifunga madirisha ya upande wa unga. Mchungaji wa kanisa, anayekemea mambo haya kila Jumapili, alizunguka mara mbili na gari lake, akasema anatafuta pa kuegesha. Nilikasirika. Nilisimama katikati ya watu nikawaambia kwamba huu ni unga wa muhogo, nimeununua sokoni.

"Hata wa bibi yangu ulikuwa wa muhogo," dereva mmoja akanijibu kwa upole.

Mama wa uji alinivuta kando. "Nyamaza, injinia. Leo mtoto amevuka na mimi nimekaa."

Nikanyamaza. Siku ya tatu alikuja mganga wa jadi, amevaa koti, akatoa cheti chake cha kusajiliwa na kutaka kuona changu. Nilimwonyesha cha uhandisi. Akakisoma mbele na nyuma, akasema kiko sawa, ila ningepiga hodi kwanza, kwa kuwa eneo lina mwenyewe.

Siku ya tano mbuzi wa mama wa uji alikata kamba na kuula unga. Alilamba karibu robo ya duara, taratibu, watu wakimtazama. Madereva wakapitisha uamuzi pale pale: mbuzi akiamka mzima kesho, dawa ni ya uongo, na wao watapita katikati kama zamani. Mama wa uji alisikia kila neno. Alimshika mbuzi wake, mmoja tu aliyekuwa naye, akaenda naye nyumbani.

Asubuhi alikuja bila sufuria, khanga kichwani, analia. Mbuzi amekufa.

Muhogo mchungu una sumu, najua, na usiku ule mimi na fundi tulikuwa tumekula ugali wa unga ule ule. Nilijilaza gesti siku nzima nikijisikiliza tumbo na kuomba toba. Huko barabarani malori yalizunguka kwa adabu ya msibani, na baadhi yalikata kupitia majaruba ya mpunga yasilione duara kabisa.

Siku ya saba mkuu wangu alifika kutoka Shinyanga. Alisimama chini ya mwavuli wake saa nzima. "Jamii imeielewa jiometria," akasema, akasaini. Sikumsahihisha. Kwenye ripoti niliandika kwamba malighafi ya majaribio ilikuwa rafiki wa mazingira.

Jumapili mama wa uji akanialika kwake. Nilikwenda na kilo mbili za sukari na pole yangu niliyoipanga njia nzima. Nikakuta ugali na bakuli la nyama ya mbuzi. Nilipouangalia mchuzi, mama akaniangalia.

"Ni yule?" nikauliza.

"Ni yule."

"Si alikufa kwa unga?"

"Aliamka mzima, anapiga kelele anataka majani. Nikamwahi kwa kisu kabla majirani hawajatoka nje." Akanisogezea bakuli. "Mbuzi nitapata mwingine."

Binti yake alikuwa mkekani, mguu ameunyoosha, anafyonza mfupa. Niliona aibu kuigusa ile nyama. Mimi nilikuwa nimetoa unga tu.

"Kula, injinia," mama akasema. "Ikipoa inaganda."

Nikala huku machozi yakinitoka, na yeye akajifanya anatafuta chumvi.